Chombo na Nahodha Wake

Wahenga walinena: vyaelea, vimeundwa. Mvuvi wa Chienge, ufukoni mwa Ziwa Mweru, huongeza: na vimetunzwa. Akirudi hukumba maji mtumbwini na kuziba nyufa, kwani uhai wake wa kesho umo humo.

Mwaka 1963 televisheni ya BBC ya Uingereza ilianza kuonyesha hadithi ya chombo kiitwacho TARDIS, chenye umbo la kibanda cha polisi, kinachoruka angani na kuvuka karne. Rubani wake husema nacho kama mwenzi. Nacho mara nyingi humfikisha, si atakako, bali anakohitajika.

Hiyo ni hadithi. Lakini katika Ziwa Tanganyika, mashariki ya Chienge, ipo meli iliyovuka miaka kweli. Julai 1916, vitani, Wajerumani waliizamisha meli yao, Graf von Götzen, karibu na Kigoma, adui asiipate. Kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, mitambo ilikuwa ingali yafaa. Mwaka 1927 ikarejea kazini kwa jina la Liemba, ikachukua abiria baina ya Kigoma na Mpulungu kwa miongo mingi.

Mafundi wale walitii amri ya kuizamisha, kuiua hawakukubali.

Basi, ndugu askari mwenye gari la kikosi, nawe mama mwenye cherehani: chombo hakina ulimi, lakini hakisahau mkono uliokitunza.