Pilau Haina Changamoto

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kuna neno lilikuja kwetu kama mgeni, siku ya tatu imepita zamani, na jembe halijaligusa. Linakula, linalala, linanenepa. Neno hilo ni changamoto.

Maji yakikatika siku nne, changamoto. Basi likiharibika Chalinze usiku wa manane, changamoto. Mtoto akipata sifuri, mhasibu akila fedha za chama, daladala ikipita kituoni bila kusimama, changamoto. Mchumba akiacha kupokea simu, usimlaumu, "anapitia changamoto". Neno moja linafanya kazi ya tatizo, shida, kero, kosa, uzembe, wizi, njaa, ugonjwa na uongo. Maneno hayo tisa yamebaki kijiweni, hayana ajira.

Sina ugomvi na maana yake njema. Changamoto ni jambo linalokupima uwezo na kukuamsha ujitahidi zaidi. Kupanda Kilimanjaro hadi mita 5,895 ni changamoto. Kujifunza Kichina ukiwa na miaka arobaini ni changamoto. Umeichagua mwenyewe, unajua kilele kiko wapi, na ukishindwa unarudi chini na hadithi. Lakini mimi sikushindana na bomba. Nilifungua koki nioge, hakukuwa na maji.

Tuje nyumbani. Ukoo wetu una kundi la WhatsApp la maandalizi ya harusi, na mjomba mmoja ndiye mweka hazina. Mwezi uliopita aliandika: "Wapendwa, kumejitokeza changamoto kidogo kwa upande wa michango." Ikawa kizaazaa. Shangazi mmoja alielewa kwamba watu hawajachanga, akaanza kutaja majina. Mwingine alidhani mjomba anaumwa, akamtumia dua. Binamu aliyeko Muscat alidhani harusi imevunjika, akauliza kama arudishiwe nauli. Siku mbili baadaye, mama alipompigia na kumbana, ikajulikana kwamba mjomba amemkopesha rafiki yake mwenye Fuso laki sita. Hiyo ndiyo habari yote. Ina sentensi moja, na sentensi hiyo ingetuokolea siku mbili na ugomvi wa mashangazi wawili ambao mpaka leo hawapikiani chai.

Hapa kuna jambo la sarufi. Kiswahili kina tabia nzuri: ukisimulia lililotokea, kitenzi hakitembei bila mwenyewe. Nimekosea, umekosea, amekosea. Mkosaji yuko pale mwanzoni mwa neno, amepewa silabi yake. Hata "fedha zimeliwa", ambayo haimtaji mlaji, inakiri kwamba mlaji yupo. Sasa angalia "kumejitokeza changamoto". Mwanzoni kuna ku-, kiambishi cha mahali. Kwa hiyo aliyefanya jambo ni mahali. Na changamoto yenyewe imejitokeza tu, kama uyoga baada ya mvua, hakuna aliyeipanda.

Bibi yetu, mzaliwa wa Pangani, hajawahi kulikubali neno hili. Sikukuu iliyopita binamu yangu mwingine alijitolea kupika pilau ya watu ishirini. Saa nane ikafika, ikapita. Akatoka jikoni anafuta mikono, akatangaza kwamba kumekuwa na changamoto kidogo.

"Changamoto ndiyo nini, mume wangu?" bibi akamuuliza. "Imeungua, ina kiini, au imekuwa bokoboko?"

"Bibi, ni changamoto ya moto tu."

"Moto ulizidi au ulipungua?"

Ulipungua. Pilau ilikuwa na kiini. Bibi akaagiza kikombe cha maji ya moto, akayanyunyiza juu, akafunika, akaweka makaa juu ya mfuniko. Baada ya nusu saa tulikuwa tunanawa mikono.

Bibi hakutaka kumwaibisha mtu. Alitaka jina la ubaya, kwa sababu kila ubaya una dawa yake, na dawa ya huu huuharibu ule. Ukinyunyiza maji kwenye pilau yenye kiini, umeiokoa. Ukiyatia kwenye bokoboko, umepika uji. Iliyoungua chini haikorogwi hata kidogo. Unaihamisha ya juu taratibu kwenye sufuria nyingine, ukoko unauacha ulipo. Ndiyo maana jikoni kuna maneno mengi: tui hukatika, mchuzi huchacha, ugali huwa mbichi, chumvi huzidi, nyama huvunda. Mama zetu hawakuyatunga kwa kupenda ushairi. Kulikuwa na watoto wanasubiri kula, na neno moja la kufunika yote lingewalaza njaa.

Nchi nayo iliwahi kuongea kama jikoni. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, Mwalimu Nyerere alitaja maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Adui anaonekana, anapigwa, na baada ya miaka kadhaa unaweza kuuliza nani ameshinda. Mwaka 1962 aliandika kijitabu akakiita "Tujisahihishe". Mwaka 1973 kampeni ya elimu ya afya kwa njia ya redio ikaitwa "Mtu ni Afya", watu wakachimba vyoo. Miaka miwili baadaye ikaja "Chakula ni Uhai". Zama zile zina mengi ya kubishaniwa, na nyumbani kwetu tunayabishania kila Saba Saba. Ila majina hayakuwa na ukungu. Leo maadui wale wangeitwa changamoto katika sekta za elimu, kipato na afya, na kijitabu kile kisingeandikika, kwa sababu changamoto haisahihishiki. Kinachosahihishwa ni kosa.

Mtaniambia nimegeuza kichekesho kuwa kesi. Basi nikumbushe mwanzo wa 2021. Takwimu za maambukizi ya korona zilikuwa zimeacha kutangazwa Tanzania tangu mwaka uliotangulia, na misiba ilikuwa mingi. Katika salamu za rambirambi likazoeleka fungu la maneno: changamoto ya upumuaji. Baba yangu mdogo alifariki Februari ile, na hayo ndiyo maneno tuliyopewa. Tulikaa msibani zaidi ya watu mia, tumebanana kwenye mikeka, tunapeana mikono, tunakula sinia moja watu sita. Hatukujua kama tukae mbalimbali, kama wazee warudishwe nyumbani, kama aliyemuuguza apimwe. Ugonjwa unaweza kukuambukiza. Changamoto haiambukizi mtu. Na ukipima neno kwa neno, hakuna aliyetudanganya: baba mdogo alikuwa kweli anashindwa kupumua.

Najua nitakachojibiwa. Mswahili ana adabu, hasemi kila kitu wazi. Ni kweli, na tafsida tunazihitaji. Mfiwa tunamwambia mzee ametutoka. Mezani tunaaga kwamba tunakwenda kujisaidia. Mtu anayeugua akili anastahili neno lisilomdhalilisha, na kama changamoto inamsitiri huyo, abaki nayo, sitamnyang'anya. Ila kila ukilisikia neno hili, tazama ni nani anayesitiriwa. Tafsida za bibi zetu zilimfunika aliye uchi. Hii ya sasa, mara nyingi, inamfunika aliyechukua nguo.

Nayo haitembei peke yake. Ina wapambe. Kuna mchakato, kuna wadau, kuna suala zima la. Ukiambiwa "changamoto hiyo ipo kwenye mchakato na wadau wanaifanyia kazi", umeambiwa sentensi nzima yenye kiima, kiarifu na heshima zote, na bado hujui daraja litajengwa lini. Linganisha na neno kavu kama mgao wa umeme. Halipendezi, lakini ukilisikia unajua la kufanya: chaji simu, piga pasi mapema, usinunue samaki wa wiki. "Changamoto ya umeme" inakuachia giza na samaki wote.

Mpambe wa hatari zaidi kwetu sisi vijana ni fursa. Una shahada, umetuma maombi ya kazi arobaini, unaishi kwa kaka yako na unajua siku za mwezi ambazo shemeji hasalimii. Halafu mtu mwenye maikrofoni anakuambia ugeuze changamoto kuwa fursa, na kiingilio cha kumsikiliza ni elfu thelathini. Ukosefu wa ajira ukiitwa ukosefu wa ajira, unazaa maswali: viwanda viko wapi, mitaala inafundisha nini, nani anaajiriwa na kwa kujuana na nani? Ukiitwa changamoto, linabaki swali moja tu, na linakuelekea wewe: mbona hujitahidi? Maana ile njema, ya mlima na ari, ndiyo inayogeuzwa rungu. Kwa mwenye madaraka, changamoto maana yake hakuna aliyekosea. Kwa asiye na kitu, maana yake hujapanda vya kutosha. Neno linalomwachia mkosaji na kumdai aliyekosewa halina haki ya kuitwa la adabu.

Siwaombi BAKITA walipige marufuku. Baraza lile halikuundwa mwaka 1967 ili kufukuza maneno mitaani, na neno lenyewe likirudi mlimani kwake halina ubaya. Ombi langu ni dogo, na linafanyika kuanzia leo jioni. Mtu akikuambia kuna changamoto, awe bosi, mchumba, mwenyekiti wa mtaa au mjomba wa michango, usitikise kichwa. Muulize kwa upole: imeungua, ina kiini, au imekuwa bokoboko? Ulizidi moto au ulipungua? Atachukia kidogo. Binamu yangu naye alinuna, lakini alikula sahani mbili.

Na siku wewe ndiye uliyeshika mwiko, sema mwenyewe kabla hujaulizwa. Watu wana njaa, na maji ya moto yako tayari.