Msijenge tovuti mpya, ifundisheni seva Kiswahili

Jamani, kuna ugonjwa umewaingia wataalamu wetu wa kompyuta. Ukilalamika kwamba kisanduku cha kutafutia kwenye tovuti ya umma hakitafuti kitu, jibu ni lile lile: tunajenga mfumo mpya. Zabuni inatangazwa, rangi zinabadilishwa, picha ya mgeni rasmi inapandishwa juu, na kisanduku kinabaki kibovu vile vile.

Twende Lindi. Mwaka 2020 wakazi wa Likong'o walilipwa fidia ili kupisha mradi wa kusindika gesi. Mkazi wa pale akitaka kujua nani aliahidi nini, maneno yametawanyika kwenye Hansard, hukumu, matangazo na mihtasari ya vikao, mengi yakiwa PDF. Atayasoma yote?

Dawa yake haihitaji kubomoa nyumba. Tovuti ya zamani inabaki na hifadhidata yake. Pembeni unasimamisha seva ya kutafutia: Solr, iliyozaliwa kampuni ya CNET mwaka 2004 na kukabidhiwa Apache mwaka 2006, au Elasticsearch ya mwaka 2010. Kila waraka ukiingia kwenye tovuti, nakala ya maneno yake inatumwa kwenye seva hiyo, nayo inajenga faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu. Msomaji akiuliza, tovuti inaiuliza seva. Seva ikifa usiku hakuna waraka uliopotea. Faharasa inajengwa upya kutoka kwenye hifadhidata. Karatasi zilizoskaniwa zinapitishwa kwanza Tesseract, programu ya bure inayosoma maandishi ndani ya picha, na Kiswahili inakijua.

Kundi la pili nina ugomvi nalo zaidi: wale wanaosimika seva kama ilivyotoka kwenye boksi, kisha wanaita waandishi wa habari.

Solr na Elasticsearch zote zimejengwa juu ya Lucene. Lucene inakuja na vichambuzi vya Kifini, Kihungari, hata Kiairishi. Kiswahili hakimo. Fundi mvivu anaiacha kwenye Kiingereza, lugha ambayo maneno hukatwa mikia. Sisi mizigo mingi tunaibeba mbele. Fidia, kufidiwa, waliofidiwa, hatujafidiwa: kwa seva hiyo ni wageni wanne wasiojuana. Andika "fidia", na yule mzee aliyesimama kikaoni akasema "hatujafidiwa" anaachwa nje. Kichekesho ni kwamba utafutaji wa kizamani wa kulinganisha herufi, pamoja na uzito wake wote, ungeliona hata "watatufidia", kwa sababu fidia imo ndani. Tumelipia seva mpya ili tupate majibu machache zaidi!

Na kuvua viambishi ovyo nako ni balaa. Ondoa "ma" kila mahali, Kilwa Masoko inageuka soko, unaletewa ushuru wa ndizi. Kwa hiyo inatakiwa orodha ya majina yasiyoguswa: Masoko, Kisiwani, Kivinje. Inatakiwa na orodha ya majina pacha, maana gesi iliyogunduliwa mwaka 1974 huandikwa mara ni ya Songosongo, mara Songo Songo. Hiyo haifanywi na mtu aliyeko Helsinki. Inataka mwanaisimu wa Kiswahili na mwandika programu wakae meza moja, na mtu wa Kilwa wa kuwasahihisha.

Mtaniambia nyaraka nyingi ziko kwa Kiingereza. Zilikuwa. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, na hukumu za Kiswahili zitazidi kuongezeka.

Kwa hiyo, waheshimiwa mnaosaini malipo, kabla hamjapokea kazi andikeni neno moja kwenye kisanduku: fidia. Kama "hatujafidiwa" haikutokea, mrudishieni mkandarasi seva yake.