Mbwa Aliyekufa Nyuma ya Kanisa

Tunaanza kwa kuungama, kama tunavyoanza ibada zetu.

Katika usharika mmoja tuliowahi kuutumikia kulikuwa na mbwa jike asiye na mwenyewe. Alilala barazani kwa ofisi ya usharika, na mlinzi wa usiku alimtupia makombo ya ugali. Ijumaa moja aligongwa na pikipiki, akajikokota mpaka nyuma ya kanisa na mguu uliovunjika, akalala chini ya mgomba. Jumamosi kwaya zilifanya mazoezi huku zikimsikia akilia. Jumapili tulikuwa na ibada mbili, tukahubiri habari za Msamaria Mwema, kisha tukatoka nje kwa mnada wa sadaka. Jumatatu asubuhi alikuwa amekufa. Mzee mmoja wa kanisa akaagiza vijana wamtupe jaani.

Katika siku hizo zote hakuna hata mmoja wetu, kuanzia mchungaji, aliyempelekea maji. Hakuna aliyempigia simu daktari wa mifugo, ambaye nyumba yake haikuwa mbali. Simu tulikuwa nazo. Fedha tulikuwa nazo, maana mnada ule ulikwenda vizuri. Hatukuona tu kwamba jambo lile linatuhusu.

Tunaandika kupinga mawazo yaliyotupofusha macho siku zile, kwa sababu bado tunayasikia kila mahali katika sharika zetu.

Wazo la kwanza ni hili: "Watoto yatima wapo, wajane wapo, wewe unahangaika na mbwa?" Linasikika kama neno la huruma. Lakini tuwaulize wanaolisema: juma lililopita mlimsaidia yatima yupi kwa zile fedha mlizokataa kumpa mbwa? Wengi wetu hatukumsaidia yeyote. Tunamtaja yatima ili tupate kumpita mbwa, na kesho tutataja ugumu wa maisha ili tupate kumpita yatima. Huruma si debe la mahindi kwamba ukimpimia huyu, yule atakosa. Mwaka 1824, kule London, kasisi wa Kianglikana Arthur Broome aliwakusanya watu wachache wakaanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Mmoja wao alikuwa William Wilberforce, mtu yule yule aliyepigana miaka mingi bungeni kukomesha biashara ya utumwa. Hakuona kwamba kumtetea farasi anayepigwa kunampunguzia mtumwa chochote. Broome naye aliacha kazi yake ya parokia ili akitumikie chama kile, na madeni ya chama yakamfikisha gerezani.

Hata hivyo tuseme ukweli wote. Wapo wanaomnunulia mbwa nyama huku mlinzi wa getini akilala njaa, na mshahara wa dada wa kazi ukicheleweshwa miezi. Hiyo si huruma kwa wanyama, ni kiburi. Anayemdhulumu mfanyakazi wake asijifiche nyuma ya mbwa wake.

Wazo la pili: "Hayo ni mambo ya Wazungu." Ndugu zetu, tumeisoma Biblia ya nani? Sheria ya Musa ilitolewa kwa wafugaji, watu wa mbuzi na punda kama sisi. Katika Kutoka 23 Mungu anaagiza kwamba ukimwona punda wa mtu anayekuchukia amelemewa na mzigo, usimpite, umsaidie. Zingatieni ni punda wa nani: wa adui. Ugomvi wetu na mwenye mnyama hautupi ruhusa ya kumwacha mnyama ateseke. Amri ya Sabato inamtaja ng'ombe na punda kuwa nao wanastahili kupumzika. Mithali 12:10 inapima haki ya mtu kwa namna anavyoijali nafsi ya mnyama wake. Na mwisho wa kitabu cha Yona, Mungu anapoeleza sababu za kuuhurumia Ninawi, hahesabu watu peke yao. Anataja na wanyama wengi waliomo.

Wala bibi na babu zetu hawakuhitaji kufundishwa na mgeni. Ng'ombe wa boma alikuwa na jina lake, na mtoto aliyempiga mnyama bila sababu alikemewa na mzee yeyote aliyemwona. Tulichopoteza ni chetu wenyewe.

Wazo la tatu hutoka kwa waliosoma kidogo: "Mnyama hana roho ya kuokolewa." Tulipokuwa chuo cha theolojia tulibishana juu ya jambo hili mpaka taa zikazimwa. Leo tunajibu kwa ufupi. Kama mnyama hana uzima mwingine ng'ambo ya kaburi, basi maisha haya mafupi ndiyo yote aliyo nayo, na maumivu tunayomtia hayana pa kufidiwa. Hoja hiyo ingepaswa kuongeza huruma yetu. Tena agano baada ya gharika, katika Mwanzo 9, Mungu hakulifanya na Nuhu na wanawe tu, alilifanya pia na kila kiumbe hai kilichotoka katika safina. Nasi Walutheri tumefundishwa katika Katekisimo Ndogo kwamba kumwamini Mungu Baba Mwenyezi ni kukiri kuwa ametuumba sisi pamoja na viumbe vyote. Tulikariri maneno hayo kabla ya kipaimara, kisha tukatoka nje tukamrushia mbwa mawe.

Tena hatuwezi kusema kanisa letu halina historia katika kazi hii. Mwaka 1822 mchungaji wa Kilutheri Christian Adam Dann, wa kule Ujerumani, alitoa kijitabu cha kuwaombea wanyama huruma. Mwaka 1837 mchungaji mwenzake, Albert Knapp, mtunzi wa nyimbo za kanisa, alianzisha mjini Stuttgart chama cha kwanza cha kulinda wanyama katika Ujerumani. Waliokwenda mbele yetu katika jambo hili walivaa joho kama tunalovaa sisi.

Tuna pia methali inayotuponza: fadhila za punda ni mateke. Tunaitumia kana kwamba sisi ndio tuliomfadhili punda. Nani kamfadhili nani? Yeye ndiye anayepanda mlima na madumu ya maji, saruji na magunia ya mahindi. Sisi tunamlipa kwa fimbo juu ya kidonda cha mgongo, na akizeeka tunamfungulia barabarani agongwe na magari. Majirani zetu wa Lamu, nchini Kenya, wametupita. Tangu mwaka 1987 wana kituo cha kutibu punda na kuwahifadhi wale wagonjwa na wazee.

Kwetu pia vituo vipo. Usa River, mkoani Arusha, kuna kituo kinachoitwa Mbwa wa Africa, kinachopokea mbwa waliotupwa na kuumizwa. Kazi ya kituo kama hicho haina utukufu mbele ya watu: kuosha vidonda vyenye funza, kutoa kupe, kutibu ukurutu na minyoo, kuchanja, kufunga kizazi, kisha kumtafutia mnyama nyumba. Kila siku unga upikwe, na dawa zinunuliwe.

Hapa ndipo wengine watasema, "Vizuri, basi tuwapeleke huko." Hapana. Kituo ni kama hospitali, na hospitali haimalizi ugonjwa unaotoka majumbani. Mbwa wa jaani hakuota jaani. Alizaliwa katika nyumba ya mtu, pengine nyumba ya Mkristo, ambaye hakutaka kumfunga kizazi mbwa wake, na watoto walipozaliwa aliwatia kwenye kiroba usiku na kuwaacha karibu na soko. Ukimwacha mbwa wako azae ovyo na kutegemea kituo kiwalee watoto, umewatwika wenzako mzigo wako.

Asiyeguswa na huruma aguswe basi na hofu. Karibu binadamu wote wanaopata kichaa cha mbwa, hadi 99 katika kila 100, huambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Watoto wetu ndio wanaoumwa zaidi, kwa kuwa ndio wanaocheza njiani. Kuwapiga mbwa risasi na kuwatilia sumu hakujaumaliza ugonjwa huu. Wanaobaki huzaana, wengine huhamia, na mara nyingi anayeuawa ni yule aliyekwisha kuchanjwa. Kinachouzuia ni chanjo: mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Anayemtunza mbwa wa mtaani anamlinda mtoto wa jirani. Yatima tuliyemtaja hapo juu naye yumo.

Basi tufanye nini? Hatuagizi kila usharika ujenge kituo. Tunaomba mambo manne, na yote yanawezekana mwaka huu.

Kwanza, karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, tufungue uwanja wa kanisa na kumwalika afisa mifugo wa kata achanje mbwa na paka wa mtaa wote, wa Wakristo na wa Waislamu. Pili, Idara ya Diakonia itenge sehemu ndogo ya sadaka kwa kituo kilicho karibu: unga, dagaa, sabuni, dawa. Tatu, walimu wa kipaimara wafundishe kwamba kumtesa mnyama ni dhambi, na kwamba nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Nne, tuanzie madhabahuni. Kuku wa mnada asiletwe amefungwa miguu, kichwa chini, akihema juani kwa saa tatu huku tukimshukuru Muumba wake. Aletwe ndani ya tenga, awekwe kivulini, apewe maji. Sadaka ya namna hiyo haitatugharimu shilingi hata moja zaidi.

Katika Luka 16, Lazaro alipokuwa mlangoni kwa tajiri, waliomkaribia na kulamba vidonda vyake walikuwa mbwa. Tajiri alipita. Sisi tulimpita mbwa nyuma ya kanisa kwa siku tatu, na hatuna la kujitetea. Mungu atusamehe, na atupe macho ya kumwona yule atakayelala pale kesho.

Amina.