Kiti cha Bodi Umekubali, Kuomba Mchango Unaona Haya?

Wewe kijana uliyechaguliwa kwenye bodi ya shule, ya kituo cha mayatima au ya kikundi cha haki mtaani kwenu, tuambiane ukweli. Mkutanoni unaongea sana. Lakini ajenda ikifika kwa "pesa tutatoa wapi?" kila mtu anainamia simu yake. Kisha azimio ni lile lile: tumtafute mheshimiwa, ama tumwandikie mfadhili.

Milango hiyo yote miwili hufungwa. Julai 2024 Rais Ruto alitangaza marufuku kwa maafisa wa serikali kushiriki harambee. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na mashirika mengi hapa Kenya yakakosa hata mishahara. Bodi isiyojua kuomba nyumbani itafanya nini siku kama hiyo?

Jifunze kwa watu wa Migwani na Kitui nzima. Wakamba wana mwethya: majirani wanakusanyika kwa kazi moja, leo kwako, kesho kwangu. Kitui ina mamia ya mabwawa ya mchanga kwenye mito ya msimu. Mfadhili alileta saruji. Wanakijiji walileta mawe, mchanga na mikono yao. Na huwezi kumwita jirani kwenye mwethya halafu wewe ukae kivulini. Anayeita ndiye anayeshika jembe kwanza.

Ujasiri unatoka hapo. Unaona haya kwa sababu wewe mwenyewe hujatoa, si kwa sababu ulimi wako ni mzito. Toa kwanza, hata kama ni mia mbili. Ukisema "mimi nimetoa, njoo tushirikiane", hapo huombi kwa ajili ya tumbo lako. Unamwita mtu kwenye kazi.

Halafu jua hesabu. Wacha "tusaidieni chochote." Sema karo ya mtoto mmoja ni kiasi gani, mmepata ngapi, imebaki ngapi. Kila mjumbe aandike watu kumi anaowajua, kisha mwende wawili wawili, mzoefu na mgeni, mpaka mgeni azoee. Pesa ziingie namba ya shirika, si simu ya mwenyekiti. Mchango wa hadhara mchukulieni kibali, sheria inataka. Na ukishapewa, rudi na risiti na habari ya kazi iliyofanyika. Asiyerudi kushukuru hapewi mara ya pili.

Nanyi wenyeviti wazee, msijifiche. Mnawaita vijana kujaza viti na kupigwa picha, lakini vitabu vya hesabu mnavifungia kabatini. Nani ataomba kwa ujasiri pesa asizojua zinaenda wapi?

Kikao kijacho, kabla chai haijaletwa, kila mjumbe aseme ametoa ngapi na wiki hii anaenda kwa nani. Asiyetaka, amwachie mwingine kiti.