Spika Ikikoroma Isitupwe

Ndugu wanachama wa Migori na Homa Bay,

Mtu ametoka kukata miwa Awendo, au kuvua ziwani, ataka jioni asikilize benga nyumbani kwake. Spika yakoroma. Dukani aambiwa: "Hii imekufa, nunua nyingine." Sisi twasema huo ni ujanja wa biashara!

Spika ni sumaku, koili na karatasi. Sumaku hudumu miaka mingi. Mara nyingi kilichooza ni ukingo wa sponji tu, na fundi aweza kubandika mwingine. Koili ikiungua, hufungwa waya mpya. Lakini fundi afanyeje, ikiwa waletao spika za bei rahisi hawaleti vipuri, na kasha limegandishwa gundi lisifunguke?

Sheria ya taka ya 2022 imembebesha mtengenezaji jukumu la bidhaa yake hata ikichakaa. Basi twadai: makasha yafungwe kwa skrubu, vipuri viuzwe, na fundi alipwe haki yake.

Fundi ni mfanyakazi mwenzetu. Tumpe yeye kazi kwanza, kabla ya kumpelekea mwenye duka mshahara wetu.

Umoja ni nguvu!