Krismasi ni mwili, si salamu tu

Wiki hii steji za Nakuru hazipitiki. Wasafiri wa kutoka Nairobi kwenda Eldoret, Kericho na Kisumu wanapitia hapa, na nauli imepanda kama ilivyo kawaida ya Desemba. Simu zimejaa salamu za sikukuu ambazo wengi wetu tunazisambaza bila hata kuzisoma. Hakuna ubaya, sikukuu ni ya kufurahia. Lakini kwa sisi Wakristo kuna swali ambalo lisimezwe pamoja na chapati: tunasherehekea nini hasa?

Jibu la kanisa ni zito. Mungu hakutuma ujumbe tu, wala hakumtuma malaika amwakilishe huku yeye akitazama kutoka juu. Alitwaa mwili. Alizaliwa na mwanamke, akahisi njaa, usingizi na uchovu. Hata kabila alikuwa nalo: Myahudi wa ukoo wa Daudi, aliyelelewa Nazareti, mji mdogo ambao watu waliudharau. Fumbo hili linaitwa umwilisho. Kama Mungu mwenyewe aliuvaa mwili wa binadamu, basi hakuna mwili wa mtu ambao mimi na wewe tuna ruhusa ya kuuchezea.

Hapa Bonde la Ufa, hilo si somo la chuo cha theolojia tu. Krismasi ya 2007 watu walienda kanisani Nakuru, Molo na Naivasha kama watakavyoenda wiki hii. Siku mbili baadaye, Desemba 27, Wakenya walipiga kura. Matokeo ya urais yalitangazwa Desemba 30. Januari 1, 2008, watu waliokimbilia usalama katika kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa humo ndani, wengi wao wanawake na watoto. Kabla ya mwezi huo kwisha, ghasia zilikuwa zimefika Nakuru na Naivasha. Katika mtaa wa Kabati, Naivasha, watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja. Kote nchini, zaidi ya watu 1,100 waliuawa.

Kwenye vizuizi vya barabarani watu waliulizwa majina, lugha ya mama na kitambulisho. Mwili wa mtu ulisomwa kama karatasi ya kura. Wengi wa waliosimama kwenye vizuizi hivyo walikuwa vijana wa rika letu, na ni vigumu kuamini kwamba hakuna hata mmoja wao aliyeimba kanisani siku chache tu kabla.

Baadhi yenu mnaosoma haya hamkuwa mmezaliwa. Wengine mlibebwa mgongoni mkaingia kambi za uwanja wa Afraha na uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Mathayo anasimulia kwamba Yusufu naye alimchukua mtoto usiku akatorokea Misri, kwa kuwa Herode alitaka kumuua. Kwa hiyo mtoto aliyelala kwenye hema pale Nakuru hakuwa mbali na hadithi ya Krismasi. Alikuwa ndani yake.

Kuna watakaosema tusilete siasa kwenye sikukuu. Lakini Luka mwenyewe anaanza na amri ya Kaisari Augusto na watu kuhesabiwa. Yesu alizaliwa katikati ya siasa za watu, na huko ndiko tunakopaswa kumfuata.

Tuna mfano wa hapa nyumbani. Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki alikuwa Askofu wa Katoliki Nakuru hadi 1996. Mapigano ya kikabila yalipozuka Molo na kwingineko mwanzoni mwa miaka ya tisini, yeye, Mkamba kutoka Machakos, angesema tu kwamba vita hivyo si vyake. Badala yake alisimama na waliofurushwa na kuikosoa serikali hadharani, wakati ambapo kufanya hivyo kulikuwa hatari. Huo ni umwilisho unaoonekana: kuwa pale watu wanapoumia, hata kama si watu wa kwenu.

Uchaguzi wa Agosti 2027 uko njiani. Wanasiasa watakuja Kaptembwo, Rhonda, Bondeni, Njoro na Molo wakitafuta vijana wa kukodi, kwa sababu kazi ni chache na pesa kidogo ya haraka inashawishi. Watakwambia jirani yako ni mgeni. Ukikubali, umeikana Krismasi, hata kama hukukosa misa wala ibada hata moja.

Tuanze mapema basi. Ujumbe wa chuki ukiingia kwenye grupu ya WhatsApp, uishie kwako, na aliyeutuma aambiwe wazi kwamba amekosea. Halafu tuache kutuma salamu pekee, tufike. Kuna familia Nakuru ambazo hazisafiri sikukuu hii, si kwa kukosa nauli, bali kwa sababu shamba walilotoroka hawajawahi kulirudia. Pengine iko moja kwenye ploti yenu, na inazungumza lugha ambayo nyumbani kwenu haizungumzwi. Bisha hodi Alhamisi au Jumapili, siku yoyote ya wiki hii. Beba chapati, keti, na usiwe na haraka ya kuondoka.