Mwambie Mungu Kwamba Unaogopa

Wako watu wanaosema kwamba Mkristo wa kweli haogopi kitu. Husema hivyo kwa sauti kubwa, hasa mchana, tena mbele za watu. Lakini usiku ni jambo jingine. Usiku baba wa nyumba husikia mbwa akibweka, akaketi kitandani. Mama hugusa paji la uso la mtoto mwenye homa, kisha huhesabu fedha zilizobaki katika kopo. Mwingine ameona uvimbe mwilini mwake tangu miezi mitatu, wala hajamwambia mtu. Mwingine ana deni. Mwingine amesikia kwamba jirani yake amekwenda kwa mganga kwa ajili yake, na ingawa yeye amebatizwa na kupata Kipaimara, usingizi hauji.

Je, hao wote hawana imani? Mimi sidhani hivyo. Bwana wetu mwenyewe pale Gethsemane alihuzunika sana, akamwomba Baba amwondolee kikombe kile. Naye Petro alipotembea juu ya maji aliogopa upepo, akaanza kuzama. Lakini yafaa tuangalie jambo moja: alipozama hakunyamaza, alipiga kelele. Angalinyamaza kwa aibu, angalizama kiume.

Leo napenda kusimulia habari za mtu ambaye wengi wetu twalijua jina lake, nasi twadhani alizaliwa shujaa. Ni mchungaji Martin Luther King wa Marekani. Mwaka 1955 alikuwa mchungaji kijana wa kanisa moja la Kibatisti katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama. Katika mji huo sheria ya mabasi ilikuwa kwamba watu Weusi wakae nyuma, tena wasimame Mzungu akikosa kiti. Tarehe 1 Desemba 1955 mama mmoja fundi wa kushona, Rosa Parks, alikataa kusimama, akakamatwa na polisi. Tangu tarehe 5 watu Weusi wa mji ule wakaacha kupanda mabasi kabisa. Wakaenda kazini kwa miguu, au kwa magari ya kusaidiana. King akachaguliwa awaongoze.

Hapo ndipo vitisho vilipoanza. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba kufika katikati ya Januari simu za matusi na za kuua zilikuwa thelathini hata arobaini kwa siku. Fikiri, msomaji, nyumba yenye mke kijana, na mtoto mchanga wa miezi miwili, na simu inalia namna hiyo tangu asubuhi mpaka usiku.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 27 Januari 1956, alirudi nyumbani amechoka. Mkewe, Coretta, alikuwa amekwisha kulala. Naye alipokuwa karibu kusinzia simu ikalia tena, na mtu asiyemjua akamwambia kwamba kabla ya juma kwisha atajuta kwa nini alikuja Montgomery. Akaiweka simu. Alikuwa amesikia maneno kama hayo mara nyingi, lakini usiku ule yalimwingia. Akatoka kitandani, akatembea-tembea chumbani, mwisho akaenda jikoni akapasha kahawa. Kahawa ikakaa mezani mbele yake, hakuinywa. Alikuwa akitafuta njia ya kuiacha kazi ile bila ya watu kumwita mwoga.

Napenda sana kwamba hakutuficha jambo hilo. Mtu mwenye shahada ya udaktari katika elimu ya dini, mwana wa mchungaji na mjukuu wa mchungaji, ameketi jikoni saa sita za usiku akitafuta mlango wa nyuma!

Ndipo akaweka kichwa mikononi, akainama juu ya meza ile ya jikoni, akaomba kwa sauti. Hakutumia maneno ya ibada. Alimwambia Mungu kwamba aamini kazi ile ni ya haki, lakini sasa anaogopa. Kwamba watu wanamtazama yeye, nao wakimwona hana nguvu watalegea pia. Kwamba amefika mwisho wa uwezo wake, hawezi tena peke yake. Kisha, asema, akamsikia Mungu karibu naye kwa namna ambayo hakuwahi kuijua, kama kwamba anaambiwa ndani ya moyo asimame upande wa haki na ya kuwa hatakuwa peke yake. Hofu ikaanza kumtoka. Mambo ya nje hayakubadilika hata kidogo, ila yeye alibadilika.

Siku tatu tu zikapita. Jumatatu, tarehe 30 Januari, yeye akiwa mkutanoni, bomu lilitupwa barazani kwa nyumba yake. Mkewe na mtoto walikuwamo, na Mungu akawalinda, hawakuumia. Watu wengi walikusanyika kwa hasira, na baadhi yao walishika silaha. King akasimama pale barazani palipovunjika, akawasihi warudishe silaha nyumbani na kuwapenda adui zao. Wakaenda zao.

Mhubiri mwingine angekomesha hadithi hapa. Mimi naona sehemu inayofuata ndiyo itufaayo sisi wa kawaida. Baada ya bomu lile King alikwenda kuomba kibali cha bunduki. Akanyimwa. Hata hivyo silaha zilikuwamo nyumbani kwake kwa muda, na walinzi pia. Maana yake ni kwamba hofu ilirudi. Sala ya jikoni haikuwa dawa ya kunywa mara moja. Ilimbidi aanze tena, mpaka akakata shauri kuziondoa silaha zile. Naye alisema baadaye kwamba aliogopa zaidi wakati bunduki ilipokuwa nyumbani kuliko baada ya kuiondoa. Wenye kuvaa hirizi chini ya shati na kuja kanisani Jumapili wanajua vizuri habari hiyo. Kila kinga ya namna hiyo humkumbusha mwenye kuivaa kwamba ana adui.

Lakini sisemi kwamba mtu aketi tu. Yule mwenye uvimbe na aombe, kisha aende hospitali kesho asubuhi. Yule mwenye deni na aombe, kisha amwendee anayemdai na kumweleza. King naye alipotoka jikoni alirudi kwenye kazi ile ile aliyoiogopa.

Wala Mungu hakumwahidi kwamba hatauawa. Mabasi ya Montgomery yalifunguliwa kwa wote tarehe 21 Desemba 1956, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuibatilisha sheria ile. Lakini tarehe 4 Aprili 1968, King alipigwa risasi mjini Memphis akafa, naye alikuwa na miaka 39. Anayetuambia kwamba mwenye imani hapatwi na neno, huyo hatuambii Injili.

Sasa kuhusu Mama Pollard. Huyu alikuwa bibi mzee wa Montgomery, maskini, asiye na elimu ya shule. Siku zile za kutembea aliulizwa kama hakuchoka, akajibu kwamba miguu imechoka ila roho imepumzika. Jumatatu moja, baada ya juma lenye taabu nyingi, King alihutubia mkutano akijitahidi kuonekana jasiri. Mkutano ulipokwisha, bibi huyo akaja mbele ya kanisa, akamwita kama mama amwitavyo mwanawe, akamwuliza ana nini, kwa kuwa usiku huo hakusema kwa nguvu. King akajibu hana neno, yu mzima. Bibi akakataa, akasema hawezi kumdanganya yeye. Kisha akamsogelea karibu, akamwambia kwamba wao wote wako pamoja naye, na hata kama wasingekuwa pamoja naye, Mungu atamtunza.

King alipochapisha kitabu cha mahubiri yake mwaka 1963, Mama Pollard alikuwa amekwisha kufariki, naye aliandika humo kwamba maneno ya bibi yule yalikuwa yakimrudia tena na tena miaka yote ile.